Mchoro Unaotembea, Ujumbe Unaokaa

Ifuatayo ni mada iliyotolewa na Dawati letu la Mawasiliano katika kikao cha pamoja cha kamati za parokia na wafadhili. Tunaichapisha kwa kuwa wajumbe wengi waliomba kubaki na nakala yake.



Awali ya yote tunawashukuru kwa kufika. Tunajua wengine mmesafiri tangu alfajiri, na wengine mmeacha palizi shambani. Tutajitahidi kusema yaliyo ya maana ili muda wenu usipotee bure.

Tumeombwa tuzungumzie mafunzo ya kutengeneza katuni na kusimulia kwa picha, ambayo vijana wetu wa mawasiliano wameyaanza. Tunafahamu kwamba baadhi yenu mlipoliona neno "katuni" kwenye ratiba mlijiuliza: je, fedha za miradi sasa zinakwenda kuchora vikaragosi vya watoto? Swali hilo ni halali. Mwenye kutoa ana haki ya kujua sadaka yake inafanya nini, na mwenye kupokea ana wajibu wa kueleza. Basi tutaeleza kazi hii ni nini, inafaa wapi, inajifunzwaje, na kwa nini tunaamini inagusa heshima ya watu tunaowahudumia.

Katuni inatembeaje?

Katuni haitembei. Kinachotembea ni macho yetu na akili yetu. Mchoraji huchora mtu ameinua mguu kidogo, kisha mchoro mwingine mguu umepanda zaidi, kisha mwingine mguu unashuka. Picha hizo zikipita mbele ya macho kwa haraka, akili huziunganisha na kuona mtu anatembea. Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde moja. Wachoraji wengi hutumia kila mchoro mara mbili, kwa hiyo sekunde moja huhitaji michoro 12. Dakika moja ni michoro 720. Filamu ya dakika tatu ni michoro 2,160. Wahenga waliosema haba na haba hujaza kibaba walikuwa wanawaelezea wachora katuni bila kujua.

Hesabu hiyo inatisha, lakini zipo njia za mkato ambazo ni za zamani na za heshima. Mjerumani Lotte Reiniger alikamilisha mwaka 1926 filamu ndefu ya katuni, The Adventures of Prince Achmed, kwa kutumia mkasi. Alikata vivuli vya watu na wanyama katika karatasi nyeusi ngumu, akaviunganisha viungo vyake kwa nyaya nyembamba, akavilaza juu ya kioo kilichomulikwa kutoka chini, na kamera ikapiga picha kutoka juu. Akasogeza mkono kidogo, picha. Akasogeza tena, picha. Kazi hiyo ilichukua takriban miaka mitatu. Leo kijana mwenye mkasi, karatasi ngumu, kioo cha dirisha na simu iliyofungwa juu ya stuli anaweza kufanya kazi ya namna hiyohiyo.

Tunalisema hili mapema kwa sababu mazungumzo ya teknolojia huishia haraka kwenye orodha ya vifaa. Wahenga walituonya: mchagua jembe si mkulima. Programu nzuri za kuchorea na kuhuisha picha, kama Blender na Krita, hupatikana bila malipo. Mwaka 2025 filamu iitwayo Flow, kutoka Latvia, ilipata tuzo ya Oscar ya katuni ndefu, nayo ilitengenezwa kwa Blender, programu hiyohiyo ambayo kijana yeyote anaweza kuipakua. Filamu hiyo haina neno hata moja linalosemwa na binadamu, na watazamaji wa lugha mbalimbali waliielewa. Upungufu wetu mkubwa, ndugu zangu, hauko kwenye kompyuta. Uko kwenye hadithi.

Kazi ambayo kamera haiiwezi

Mtu atauliza: kwa nini tusipige video ya kawaida? Mara nyingi video ya kawaida inatosha, na inapotosha hatuna sababu ya kuchora. Lakini ziko kazi tatu ambazo mchoro huzifanya vizuri zaidi.

Ya kwanza ni kuonyesha kisichoonekana. Chukueni mfano wa kuhifadhi maharage na kunde bila dawa, kwa kutumia mfuko wa tabaka tatu: mifuko miwili ya nailoni ndani na mmoja wa kusokotwa nje. Ukifungwa vizuri hewa mpya haiingii. Wadudu waliomo humaliza hewa iliyobaki, huacha kula, hukauka na kufa. Mkulima akitazama mfuko kwa nje haoni kitu chochote kinachotokea. Siku ya tano anashikwa na wasiwasi, anaufungua kuchungulia, hewa inaingia, na wadudu wanapata nafuu. Kamera haiwezi kuingia kwenye mfuko uliofungwa, maana ukishaufungua umeharibu jambo lenyewe. Mchoro unaingia. Unamwonyesha mdudu akihangaika, hewa ikipungua, mdudu akilala. Mkulima aliyeona hivyo anaelewa kwa nini asifungue, na mtu anayejua sababu hushika maelekezo hata pasipokuwa na bwana shamba wa kumsimamia.

Kwa kazi za namna hiyo wapo waliokwisha kupiga hatua. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ulianza katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mpango uitwao Scientific Animations Without Borders. Hutengeneza katuni fupi za kilimo na afya, kisha picha zilezile huwekewa sauti ya lugha nyingine. Jambo hilo lina maana kubwa kwetu. Video ya kawaida iliyopigwa sehemu moja ikipelekwa sehemu nyingine, watu husema "hawa si wa kwetu" kwa kutazama midomo na mavazi. Katuni iliyochorwa kwa uangalifu hubadilishwa sauti, na mama wa kijiji cha pili anaisikia kama imetengenezwa kwake.

Ya pili ni kufupisha muda. Mmomonyoko wa udongo huchukua miaka. Mti uliopandwa leo utatoa kivuli wakati aliyeupanda ana wajukuu. Mchoro hukusanya miaka ishirini katika sekunde ishirini, na mtu akaona mwisho wa jambo analolianza leo.

Ya tatu ni kumsitiri mtu. Hii tunaiona kuwa nzito kuliko zote, nasi tutairudia baadaye.

Waliotutangulia

Sisi si wa kwanza kufikiri kwamba picha zinazotembea zinaweza kusaidia maendeleo. Kuna historia, na ina mafunzo.

Kati ya mwaka 1935 na 1937, Vugiri katika milima ya Usambara, mkoani Tanga kwa sasa, palikuwa kituo cha jaribio la sinema kwa Waafrika wa Afrika Mashariki na Kati. Mradi huo ulisimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misheni, na fedha nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Filamu zilihusu kilimo, afya na maisha ya kila siku. Zilizungushwa kwa lori, na maelezo yake yalitolewa kwa lugha za wenyeji. Kwa hiyo mashirika ya dini na sinema ya maendeleo ni marafiki wa siku nyingi katika nchi yetu. Lakini wenyeji waliigiza na kutazama; maamuzi juu ya nini kisimuliwe yalikuwa mikononi mwa wageni. Mradi ulipokwisha, haukuacha nyuma yake studio ya wenyeji. Hilo ni fundisho la kwanza: kazi ya mawasiliano ambayo wenyeji hawaishiki wenyewe huondoka na lori lililoileta.

Mfano wa pili unatoka mbali. Mwaka 1949 UNESCO ilimtuma Norman McLaren, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa mtengeneza katuni nchini Kanada, kwenda magharibi mwa China, kwenye mpango wa majaribio ulioitwa Kijiji chenye Afya. Hakupelekwa kuwatengenezea Wachina filamu. Alipelekwa kuwafundisha wasanii wa huko kutengeneza mabango, picha za mfululizo na katuni za afya kwa vifaa vilivyokuwepo. Wakati huo nchi ilikuwa vitani, na mapigano yaliwafikia hukohuko. Aliporudi Kanada alitengeneza mwaka 1952 filamu ya dakika nane tu, Neighbours, kwa kuwapiga picha watu halisi mojamoja kama vile ni vikaragosi. Majirani wawili wanaishi kwa amani, ua moja linaota mpakani, kila mmoja anasema ni langu, wanapigana hadi wanauana na familia zao. Hakuna mazungumzo. Mwishoni yanatokea maandishi kwa lugha kadhaa yanayosema mpende jirani yako. Mjumbe yeyote aliyewahi kukaa kwenye baraza la kusuluhisha mgogoro wa mpaka wa shamba ataielewa filamu hiyo bila mkalimani.

Mfano wa tatu ni wa wasichana wawili wa kuchorwa. Katika miaka ya 1990 UNICEF ilianzisha huko Asia ya Kusini msichana aitwaye Meena, na baadaye kwa Afrika Mashariki na Kusini msichana aitwaye Sara. Katika hadithi moja ya Meena, msichana huyo haendi shule, ila kasuku wake huenda dirishani pa darasa, anajifunza kuhesabu, anarudi kumfundisha. Kwa ujuzi huo Meena anahesabu kuku wa nyumbani, anagundua mmoja hayupo, na mwizi anakamatwa. Baba aliyekuwa anaona shule ni ya mvulana peke yake ameona faida kwa macho yake. Ndani ya hadithi hiyo hakuna mtu aliyesimama na kutangaza kwamba elimu ni haki ya mtoto wa kike. Kuku ndio waliosema. Kwa upande wa Sara, watengenezaji walifanya utafiti katika nchi mbalimbali za kanda hii kuhusu sura yake, mavazi yake, nyumba yao na mambo yanayomsumbua, ndipo wakachora. Wengi wenu mmewahi kuona vitabu vyake vya Kiswahili mashuleni.

Mfano wa nne uko jirani kabisa. Tangu Januari 2014 watoto wa Tanzania wamekuwa wakitazama Ubongo Kids, katuni za hesabu na sayansi kwa Kiswahili zinazotengenezwa Dar es Salaam, zilizoanza kurushwa na TBC1. Wenzao wadogo wana Akili, msichana wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Utafiti uliofanywa Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watoto waliotazama katuni za Akili kwa wiki chache walifanya vizuri zaidi katika kuchora, kuhesabu na kutambua maumbo kuliko wenzao waliotazama vipindi vingine. Kwa hiyo swali la kama Watanzania wanaweza kazi hii limekwisha kujibiwa.

Namna kijana anavyojifunza

Sasa tuje kwenye mafunzo yenyewe. Tungependa wajumbe mjue vijana wenu wanafanya nini wanapokuwa darasani, ili mtakapowaona wanacheza na mpira msidhani wametoroka.

Somo la kwanza ni mpira. Kijana anachora mpira unadunda. Juu kabisa hupunguza mwendo, kwa hiyo michoro hukaribiana. Ukishuka huongeza kasi, michoro huachana. Ukigusa ardhi hubonyea kidogo. Kisha anachora mpira wa matambara ambao watoto wanachezea chandimu, halafu jiwe. Vyote vina umbo la duara, lakini havidundi sawa. Hapo anajifunza kwamba uzito hauonekani katika sura ya kitu. Unaonekana katika mwendo wake. Zoezi la pili ni gunia la unga, ambalo wachora katuni duniani wamefundishiwa kwa miaka mingi. Gunia halina macho wala mdomo. Kijana anatakiwa alichore likiwa na furaha, likiwa limechoka, likiwa na aibu. Akiweza hilo, amejifunza kwamba hisia hukaa mabegani na shingoni kabla ya kufika usoni, na kuanzia siku hiyo huanza kuwatazama watu kwa namna nyingine: mzee anavyokaa kwenye foleni ya zahanati, mama anavyoshika mkoba akisubiri majibu.

Baada ya hapo hufuata hadithi, na hapa ndipo tunatumia muda mwingi zaidi. Kijana haruhusiwi kushika kompyuta mpaka ajibu maswali matatu kwa sentensi fupi. Nani anatazama? Leo anafanya nini? Tunataka kesho afanye nini tofauti? Mtu akileta jibu la "kuelimisha jamii kuhusu afya" tunamrudisha. Jamii ni nani? Afya ipi? Akirudi na jibu kwamba "mama mwenye mtoto anayeharisha aendelee kumpa maji na chakula, asimkatie", hapo ana hadithi mkononi.

Kisha anachora vijumba. Karatasi moja inagawanywa vijumba sita au vinane, kila kimoja na mchoro wa haraka wa tukio moja, chini yake maneno machache. Vijumba hivyo hubandikwa ukutani kwa mfuatano. Yeyote anayepita, hata mpishi wa kituo, anaombwa asimulie anachokiona. Akikwama kwenye kijumba cha nne, kijumba cha nne ndicho chenye kasoro. Kubadilisha kijumba kwenye karatasi ni dakika mbili; kubadilisha sekunde kumi za katuni iliyokamilika ni siku kadhaa.

Sauti hurekodiwa kabla ya kuchora, kwa sababu mdomo wa mchoro hufuata maneno na mwendo hufuata mapigo. Tunatafuta chumba chenye mapazia na magodoro ili sauti isirudi, na tunasubiri jogoo wanyamaze. Wasemaji wetu bora si watangazaji. Ni akina bibi wanaosimulia hadithi nyumbani, na waimbaji wa kwaya wanaojua kushika pumzi. Mwisho kabisa ndipo kuchora, kukata, kupiga picha na kuhariri hufanyika.

Siku hizi ziko pia programu za akili mnemba zinazotengeneza picha kwa kuandikiwa maneno tu. Vijana wanazijua kuliko sisi. Tumewaambia wazitumie kwa tahadhari. Programu hiyo haijawahi kufika kijijini kwenu. Itakupa mama asiye wa kabila lolote, amevaa kanga ambayo haina jina, amesimama mbele ya nyumba ambayo fundi wenu asingeijenga. Na picha ya mtu ambaye hayupo isitumike kamwe kwenye taarifa kana kwamba ni mnufaika wetu.

Kuijaribu kabla ya kuisambaza

Picha pia ni lugha, na lugha hujifunzwa. Mwaka 1976 nchini Nepal watafiti waliwaonyesha mamia ya wanakijiji watu wazima picha za aina mbalimbali ili kuona zipi zinaeleweka. Michoro yenye vivuli, iliyoonyesha unene wa vitu, ilitambuliwa zaidi. Michoro iliyorahisishwa mno, ile ya mtu wa vijiti na kichwa cha duara, ilitambuliwa kidogo kuliko zote. Iligundulika vilevile kwamba wengi hawakuzisoma picha za mfululizo kutoka kushoto kwenda kulia, wala hawakuona ni lazima picha moja iendelee kutoka nyingine. Walioamua kwamba watu wanaelewa walikuwa ofisini. Wenye macho ya kutazama walikuwa kijijini.

Simu na televisheni zimebadilisha mengi tangu wakati huo, lakini kanuni haijabadilika. Alama ya mkato mwekundu juu ya picha, ambayo ofisini ina maana ya "usifanye hivi", mtu mwingine anaweza kuiona kama pambo. Mdudu akichorwa mkubwa kama mbuzi, lazima kwanza tuonyeshe mkono wa mtu ukimshika akiwa mdogo, ndipo tumsogelee. Kwa hiyo kila katuni huonyeshwa kwanza ikiwa rasimu, kwa kikundi kidogo cha watu tunaowalenga, bila kuwaeleza chochote. Hatuulizi "mmeipenda?" kwa maana mgeni akiulizwa hivyo atajibu ndiyo kwa heshima. Tunamwomba mtu mmoja ambaye hakuwapo aingie, na waliotazama wamsimulie. Anachosimuliwa ndicho tulichokisema, hata kama tulikusudia kingine.

Heshima ya anayesimuliwa

Sasa tunarudi kwenye lile la tatu, la kumsitiri mtu. Hapa tunawaomba wafadhili wetu mtusikilize kwa upendo.

Mara kwa mara tunapokea maombi ya picha. Msichana aliyenusurika kuozeshwa akiwa mdogo. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI. Mtoto aliyetendewa ukatili na ndugu wa karibu. Maombi hayo hutoka kwenye nia njema: aliyetoa anataka kuona uso wa aliyesaidiwa. Zamani picha iliyokwenda Ulaya ilibaki Ulaya, kwenye ukuta wa kanisa au kwenye kijarida kama hiki. Leo picha iliyotumwa asubuhi inaweza kurudi kijijini jioni hiyohiyo kwenye simu ya jirani. Msichana wetu atakutana nayo kisimani. Binamu aliyekubaliana na mposaji ataiona pia, na atajua amehifadhiwa wapi.

Sheria nazo zimebadilika. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha ya mtu na habari za afya yake si mali yetu ya kugawa. Lakini hata kama pasingekuwa na sheria, tungeulizana: mtu aliyekuja kwetu akiwa na njaa anaweza kweli kukataa kupigwa picha na anayempa chakula? Ndiyo yake ina uzito gani?

Na tukinyamaza kabisa, nako kuna hasara. Habari isiyosimuliwa haiwasaidii wasichana wengine walio katika hali hiyo, wala haimwambii mfadhili kwamba msaada wake umefanya kazi. Ndipo mchoro unapotufaa. Msichana anasimulia kwa maneno yake, katika chumba kilichofungwa, akiwa na mtu anayemwamini. Sauti yake inasomwa upya na mtu mwingine. Jina linabadilishwa, kijiji kinabadilishwa, idadi ya ndugu inabadilishwa, na hata rangi ya sare ya shule, kwa sababu kijijini mtu hutambuliwa kwa vitu vidogo. Kisha anakuwa wa kwanza kuitazama rasimu. Ana haki ya kusema hapa ondoeni, hapa sikulia, nilikasirika. Na ana haki ya kusema sitaki tena, hata katuni ikiwa imekamilika na fedha imekwisha kutumika. Tumekubaliana kwamba hasara hiyo ikitokea tutaibeba sisi, na hatutamlaumu.

Tumeona kwamba mtu akiulizwa achorwe vipi hachagui picha ya mateso yake. Huchagua achorwe akifanya jambo: akisuka, akipima unga, akirudi shuleni. Picha za machozi ambazo tumezizoea katika kazi zetu za misaada hazikuombwa na wenye machozi.

Tunaomba nini

Kwa kamati za parokia tuna maombi matatu. Kwanza, tuleteeni vijana wanaopenda kusikiliza, wasiwe tu wale wanaojua kuchora. Kuchora tutafundishana, kusikiliza ni kazi ngumu zaidi. Tunaomba nusu yao wawe wasichana. Pili, tupeni watazamaji wa rasimu: vikundi vya akina mama, wazee, vijana wa bodaboda, pamoja na saa moja ya ukweli wao. Tatu, kila kamati ichague jambo moja tu linalowasumbua, dogo na la kweli. Mwenye mada kumi hapati katuni hata moja.

Kwa wafadhili tuna maombi mawili. La kwanza ni kuhusu bajeti. Mkituuliza fedha ziende wapi, tunasema ziende kwenye muda wa watu: nauli za kwenda kusikiliza na kurudi kujaribu, posho ya chakula kwa wanaotazama rasimu, na miezi ya mazoezi. Vifaa vya lazima ni vichache, na vingi tunavyo. Kijana hawezi kuiva kwa warsha ya siku tano yenye cheti na picha ya pamoja. La pili ni kuhusu taarifa. Pokeeni taarifa yenye mchoro mahali ambapo mlizoea uso. Tutawapa hesabu zote, risiti zote, na mkaguzi wa mahesabu mtakayemchagua. Uso wa msichana usihesabiwe kuwa ni risiti.

Hitimisho

Ndugu wapendwa, kusimulia kwa picha hakuchimbi kisima wala hakutibu malaria. Kisima kitachimbwa kwa mashine, na malaria itatibiwa kwa dawa. Lakini visima vimekauka kwa kukosa matunzo mahali ambapo kila mtu alihudhuria semina, na dawa zimeachwa katikati na watu waliosikia maelekezo bila kuyaelewa. Kati ya msaada na matumizi yake kuna daraja, nalo hujengwa kwa kueleweshana.

Mapema mwezi ujao vijana wetu wataanza kuzunguka parokiani na karatasi zao za vijumba. Tunawaomba muwapokee, muwape kiti, na muwaambie bila kuwaonea haya pale msipoelewa.